Gari la Kulalia

Tangu ndama wa yule ng'ombe mwekundu alipomkumba Nanyori na kumbwaga juu ya gogo la mlango wa zizi, mgongo wake ulikataa kukaa. Kusimama aliweza, kulala aliweza, hata kutembea aliweza kama hakuna aliyemharakisha. Lakini akikaa tu, uso wake ulibadilika ukawa kama wa mtu anayepokea habari mbaya kutoka mbali. Daktari wa Korogwe alimpangia mazoezi ya kila mwezi, kisha akamwonya mumewe, Kasaine, kwamba mama huyo asafiri amelala, tena amenyooka. Aliyasema hayo kwa wepesi, kama vile kutoka Mazingara hadi Korogwe kuna kitanda kinachopita kila asubuhi.

Kasaine alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyejulikana kwenye minada yote ya Handeni, mtu mrefu, mkimya, asiyependa kushindwa na jambo. Mara ya kwanza alimpandisha mkewe basi, akakata tiketi za kiti chote cha nyuma ili alale. Abiria waliopanda njiani waliona nafasi kichwani na miguuni mwa mgonjwa, wakaomba radhi, wakajibanza kwa adabu, mmoja hapa, wawili pale, na basi lilipoingia Korogwe Nanyori alikuwa amekaa wima katikati yao, amepakata mtoto wa mtu. Mara ya pili akamtandikia godoro nyuma ya pikapu iliyobeba mbuzi. Mbuzi wakala godoro. Walianzia pembeni, wakasogea kidogo kidogo, na Nanyori ambaye hakuweza kujigeuza haraka alikuwa akiwafukuza kwa ukope tu. Walipofika Korogwe alikuwa amelala juu ya bati.

Muhsin, dereva mstaafu wa malori aliyeishi Chanika, pale Handeni mjini, alikuwa akinunua maziwa kwa Kasaine, na ndiye mtu pekee ambaye Kasaine alimwamini kwenye mambo ya injini. Yeye ndiye aliyeleta habari za stesheni wagoni. Alieleza kwamba ni gari dogo lililorefushwa nyuma, kwamba matajiri wa Ulaya hupakia humo mbwa wao, na kwamba ukikunja viti unapata sakafu ambayo mtu mzima analala bila kukunja goti. Kisha akasema amesikia kuna mzee mmoja Korogwe anauza la kwake, la kifahari, viti vya ngozi, springi laini, jeusi tii. Katika maneno yote hayo Kasaine alilisikia neno moja tu, kulala. Aliuza madume aliyokuwa akiyanenepesha, akafunga fedha kiunoni chini ya shuka, na Jumamosi asubuhi wakaenda wote wawili kulitazama.

Mwenye gari aliitwa Abraham Mdoe, Msambaa aliyekaa Manundu, hapo hapo Korogwe mjini. Asubuhi ile ya joto aliwapokea akiwa na suti nyeusi na tai. Sauti yake ilikuwa ya chini, mikono yake ilikuwa safi mno. Aliwashika mikono kwa mikono yake yote miwili, akawatazama machoni kwa huruma, akawauliza kama wamepata chochote cha kula. Kasaine alipendezwa. Wauza magari aliowahi kuwasikia walikuwa watu wa kelele.

Gari lenyewe halikuwekwa chini ya mwembe, kwa kuwa Mdoe asingeruhusu ndege walichafue; lilikuwa ndani ya banda lake, limefunikwa shuka jeupe. Shuka lilipoondolewa, Muhsin alitoa mluzi mdogo. Lilikuwa refu kupita kiasi, linang'aa kama mgongo wa ng'ombe aliyetoka josho, na madirisha yake ya nyuma yalikuwa na mapazia ya zambarau yenye vifundo.

Kasaine hakujua magari, lakini alijua kununua kitu kinachotembea. Alilizunguka kimya. Akalitazama meno ya mbele. Akalibonyeza ubavuni, akachuchumaa kukagua tumbo, akashika miguu mmoja mmoja. Kisha akamwambia Muhsin alizungushe uani taratibu ili aone kama linachechemea. Halikuchechemea. Lilikwenda bila kutikisika, likapita juu ya shimo la maji machafu kama vile halikuliona, na Kasaine akamwona kwa mawazo Nanyori amelala humo ndani, amefumba macho, bila hata kukunja uso.

Akauliza limefanya kazi gani.

"Safari za taratibu tu, mzee wangu," alisema Mdoe. "Tangu lije kwangu halijawahi kukimbizwa."

"Na abiria?"

"Wote walilala. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Jibu hilo lilimgusa Kasaine hadi ndani. Akafungua mlango wa nyuma, akaona reli mbili za chuma sakafuni, zimepakwa mafuta. Mdoe akaeleza kwamba ni za kuingizia kitu kirefu bila kukisumbua. Akaona boneti ina vishikizo viwili vya bendera, akauliza kama gari liliwahi kubeba watu wa serikali. Mdoe akasema limebeba viongozi wengi, na wafanyabiashara, na hata askofu mmoja, na kwamba ndani ya gari hili wote walikuwa sawa. Muhsin alikuwa akizitazama zile reli na kujikuna kidevu. Akataka kujua kwa nini bei ni nafuu hivyo. Mdoe akashusha pumzi, akasema amechoka, kazi yake ina vilio vingi. Kasaine akatikisa kichwa kwa kuelewa. Naye alikuwa amewaona wateja wakilia mnadani.

Akamwambia Mdoe kama wasemavyo wauza ng'ombe wakishakubaliana, kwamba analichukua jinsi lilivyo pamoja na vyote vinavyoambatana nalo. Mdoe akamwuliza kwa upole kama ana hakika ya kauli hiyo. Akasema anayo. Wakashikana mikono.

Kabla ya kuondoka mjini, Kasaine alinunua godoro jipya la Nanyori, nene, limefungwa kwa nailoni nyeupe toka kiwandani. Waliliweka kwenye reli, likateleza lenyewe hadi ndani kama lililoitwa. Wakafunga mapazia ili lisipigwe na jua, Muhsin akashika usukani, wakaanza safari.

Dalili za kwanza zilikuja pale pale mjini. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakibishana kijiweni walinyamaza ghafla, mmoja akazima injini, wengine wakavua kofia. Kwenye njia panda askari wa barabarani alisimamisha lori lililojaa mkonge, akaliachia gari la Kasaine njia, kisha akakakamaa na kupiga saluti. Kasaine aliinua mkono kumjibu. Miaka yote aliyofika Korogwe, askari walimsemesha kwa jambo moja tu, atoe ng'ombe wake barabarani. Alihisi kitu cha moto kikimpanda kifuani. Akamwambia Muhsin apunguze mwendo, watu waangalie vizuri.

Muhsin akapunguza. Nyuma yao magari yakaanza kujipanga, hakuna aliyewapita. Bodaboda zikafuata mbili mbili zikiwa zimewasha taa mchana kweupe. Kasaine aliwatazama kwenye kioo, akasema watu wa Korogwe wana adabu ambayo alikuwa hajaijua, na kwamba pengine mtu hawezi kuijua akiwa kwa miguu. Tangu daraja la Mto Pangani Muhsin alikuwa hajasema neno, naye hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Walipokaribia Sindeni, kina mama waliokuwa wakitoka shambani waliliona gari kwa mbali, wakaweka majembe chini, wakajifunga kanga viunoni. Gari lilipowafikia wakaangua kilio.

"Mzee Kasaine," alisema Muhsin bila kugeuza shingo, "hili gari la kubebea maiti."

Kasaine aliuliza maiti gani. Muhsin akamweleza pole pole, kama anavyoelezwa mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto: kwa sasa hamna maiti, kuna godoro, ila hiyo ndiyo kazi ya gari hili. Zile reli ni za jeneza. Pale kwenye vishikizo huchomekwa msalaba au vitambaa vyekundu. Na wale abiria waliolala bila kulalamika, basi ndio hao.

Katika boma alilokulia Kasaine, mtu akifa jina lake halikutajwa tena, na watoto walifundishwa kutotazama upande alikopelekwa. Alikuwa amewahi kupambana na fisi kwa fimbo, lakini hakuwahi kukaa chumba kimoja na maiti, hata ya baba yake. Sasa alihisi ubaridi wa kiyoyozi ukimwingia shingoni, akajua kwamba ule haukuwa ubaridi wa starehe. Akaamuru gari lisimame. Akashuka, akachukua fimbo yake, akatangulia mbele kwa miguu.

Kwa akili yake alikuwa anajitenga na gari. Kwa macho ya watu, mzee mrefu wa Kimaasai, amejifunga shuka, ameinamisha kichwa, anatembea peke yake mbele ya gari la maiti lenye msururu nyuma yake, ilikuwa picha ya huzuni ambayo Sindeni haikuwa imeiona. Bodaboda zikazimwa, zikasukumwa kwa mikono. Watu wakatoka madukani. Mzee mmoja mwenye kikohozi akaja kutembea sambamba naye, akamshika bega.

Kasaine akamwambia kwamba hamna mtu ndani ya gari, ni godoro.

"Pole sana, mzee mwenzangu," alisema yule mzee. "Alipofariki kaka yangu na mimi nilisema maneno ya namna hiyo."

Kasaine akageuka, akawatangazia wote kwamba hakuna aliyekufa. Wanawake wakalia zaidi. Kijana mmoja akamletea maji. Alijaribu kutembea haraka, na msafara ukaongeza mwendo. Akasimama, nao ukasimama, watu wakainamisha vichwa. Aliona kwamba kila hatua anayopiga inamletea ndugu wapya. Mwishowe akarudi kwenye gari, akakaa kwa kuegemea mlango, mbali na sehemu ya nyuma kadiri kiti kilivyoruhusu, akamwambia Muhsin aendeshe kwa kasi zote. Muhsin alisema gari la maiti likionekana linakimbia watapigiwa simu mbele wasimamishwe. Wakaendelea taratibu.

Huko Misima ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Kando ya barabara kulikuwa na turubai, viti vya kukodi na masufuria motoni. Watu wengi waliovaa sare ya kitenge walikuwa wamesimama katikati ya lami, wameziba njia, wanaimba. Walikuwa wanamsubiri marehemu mama yao, Bernadina, kutoka mochwari ya Korogwe, na walikuwa wameahidiwa kwamba ataletwa na gari refu jeusi lenye mapazia ya zambarau.

Muhsin alishusha kioo aeleze. Kabla hajamaliza salamu, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na wanaume sita walikuwa wamelishika godoro. Liliteleza likatoka kwenye reli kwa heshima zote, likapandishwa mabegani. Mmoja alinong'ona kwamba mama amekuwa mwepesi mno, mwingine akasema ugonjwa ulimmaliza. Kasaine alishuka, akawafuata, akisema kwa sauti ambayo ilizidi kuwa ndogo kwamba hilo ni godoro, ndugu zangu, hilo ni godoro. Mtu akampa kiti cha mbele.

Godoro liliwekwa sebuleni. Katekista akasoma sala ya kumpokea marehemu nyumbani kwake, ndefu, nzuri, na Kasaine hakuona mahali pa kumkatiza. Sala ilipokwisha, Grasiana, binti mkubwa wa marehemu, alipiga magoti, akachana nailoni upande wa juu ili amwone mama yake.

Hakupiga kelele. Aliingiza mkono, akabonyeza sponji, akaangalia chini yake. Akainuka, akamfuata Kasaine pale alipokaa.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mama yetu yuko wapi?"

Kasaine alisema marahaba, na zaidi ya hapo hakujua. Muhsin alikuwa ameshampigia Mdoe, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Mdoe hakubabaika hata kidogo. Alisema mama yuko salama hospitalini, amevalishwa, amewekwa kwenye jeneza lake, anasubiri usafiri wake. Alidhani gari limeshageuza kumfuata. Muhsin akamwuliza ligeuzwe na nani, na wakati ameliuza asubuhi ile.

"Mpe mzee Kasaine simu," alisema Mdoe, na sauti yake ikasikika na kila mtu. "Mzee wangu, mtu akinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama ni wa nani?"

Kasaine akasema ndama ni wa aliyenunua.

"Gari nilikuuzia likiwa na safari hiyo ndani yake. Ulisema unalichukua na vyote vinavyoambatana nalo. Nilikuuliza kama una hakika."

Muhsin alianza kumpinga, akataja wizi, akataja polisi. Lakini Kasaine alikuwa ametulia. Aliligeuza jambo lile kichwani kila upande, na kwa sheria ya mnadani ambayo alikuwa ameishi nayo maisha yake yote, hakuona kosa la Mdoe. Aliwahi mwenyewe kumnyang'anya mtu ndama kwa hoja hiyo hiyo, na wazee wakampa haki.

Bado miguu yake haikutaka kuinuka. Grasiana hakumsukuma. Alisimama tu pale, mikono imeshikana tumboni, akasema kwamba hamlaumu, kwamba watatafuta hata lori la mchanga. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Kasaine, kwamba mwezi wa mwisho walikuwa wakimpeleka mama hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na yeye Grasiana, kichwa kinaning'inia, na mama hakuwa akiomba kupona, alikuwa akiomba walau mara moja asafirishwe amelala.

Kasaine akainuka, akamwambia Muhsin awashe gari.

Safari ya kurudi Korogwe ilikuwa ngumu kwa kila mtu waliyempita. Wale wale waliolia asubuhi waliliona gari likirudi na mapazia yake yamefungwa, likielekea lilikotoka. Sindeni walitazamana. Uvumi uliwatangulia kwa simu, na walipofika mjini askari wa njia panda, baada ya saluti, aliinama dirishani akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Misima wamemkataa marehemu. Muhsin akasema kulikuwa na tatizo la godoro. Askari akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawafungulia njia.

Mdoe alikuwa akiwangoja mlango wa mochwari na suti yake ile ile. Alisimamia upakiaji kwa mikono yake, akapangusa vumbi juu ya jeneza kwa leso, akafunga vifundo vya mapazia. Alipomaliza alimshika Kasaine mikono yote miwili, akampa pole ya msiba. Alisema kwa dhati, na Kasaine akajikuta anaitikia asante.

Kisha ikabidi kukaa. Alipanda kiti cha mbele, akakaza macho kwenye lami, akamwambia Muhsin kwamba kwa vyovyote vile asimwache ageuze kichwa. Walipofika kwenye lami mbovu, gari likazama na kuinuka kwa ulaini wake, na Kasaine akasikia kwamba nyuma hakukugonga kitu. Shimo lingine likaja, tena hakukugonga kitu. Aliguna.

"Yeyo," alisema, akitumia neno ambalo Wamaasai humwitia mama, macho yake bado mbele, "hapa pana mashimo mpaka Sindeni. Baada ya hapo pananyooka."

Muhsin alimtazama kwa pembe ya jicho, akarudisha macho barabarani. Kasaine akaendelea. Alimweleza mama huyo asiyemjua kuhusu mgongo wa Nanyori, kuhusu basi na yule mtoto wa mtu, kuhusu mbuzi. Alimweleza kwamba malisho ya mwaka huu yalichelewa, na kwamba ng'ombe mwekundu alizaa tena, ndama mkorofi kama yule wa kwanza. Hakungoja kujibiwa, na hakujibiwa, na hilo lilimtuliza. Kufika Misima shingo yake ilikuwa imelegea, na mikono yake ilikuwa juu ya mapaja kama ya mtu aliyepanda gari lake mwenyewe.

Mazishi yalikwenda vizuri. Kulikuwa na mabishano mafupi kuhusu sala ya kupokea mwili, kama irudiwe au ile ya asubuhi inatosha, na katekista akaamua irudiwe, kwa sababu ya kwanza ilikuwa halali lakini ilikosea anwani. Kasaine alipangiwa kukaa na wanafamilia. Alipoitwa arushe udongo kaburini alitupa kwa mkono wa kulia, akiangalia pembeni, lakini alitupa. Baadaye alipewa sahani ya wali na nyama, akala yote. Godoro alirudishiwa likiwa limepanguswa vizuri, ila kulikuwa na mabibi wawili waliokuwa wameshalala juu yake chumba cha uani, ambao ilibidi waamshwe.

Jua lilikuwa bado juu kidogo walipoingia Mazingara. Njiani Kasaine alikuwa amekwisha kuamua. Angemwambia mkewe ukweli wote, mkewe angekataa, na Jumatatu angelipeleka gari kwa fundi mmoja wa Handeni alivunje, wauze vipande. Nanyori alikuwa amesimama nje, ameegemea nguzo ya zizi kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo. Alilitazama gari likiingia, urefu wake wote, mpaka likaisha.

Kasaine akamweleza. Hakuficha kitu, wala reli, wala mapazia, wala yule mama. Muhsin alikaa ndani ya gari akijifanya anatafuta kitu kwenye dashibodi. Nanyori alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Baba Loishiye," alisema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "huyo mama, kwenye mashimo, alirukaruka?"

"Hakurukaruka."

"Hata pale kabla ya Sindeni?"

"Hata pale. Nilikuwa nasikiliza."

Nanyori akaiacha nguzo, akaenda polepole hadi nyuma ya gari, akalibonyeza godoro kwa ngumi. Akataka kujua mbona nailoni yake imechanika. Kasaine akasema ni habari ndefu. Nanyori akasema maiti hawajamfanyia ubaya wowote, aliyemvunja ni ndama, na kwamba yeye ana miezi mingi hajapita kwenye shimo bila kulia. Akageuka, akaegemeza makalio kwenye ukingo, akajilaza. Kasaine na Muhsin wakamsukuma. Reli zikafanya kazi yake. Aliteleza hadi ndani, akanyooka, akafumba macho, na akabaki humo hata baada ya gari kuzimwa. Jioni ile alikataa kushuka mpaka chai ilipoiva.

Siku ya mazoezi ilipofika wakaenda Korogwe, Muhsin kwenye usukani, Kasaine mbele, Nanyori nyuma na mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua. Handeni mjini watu walivua kofia. Misima, Grasiana alikuwa barabarani, akapunga mkono, akauliza mama anaendeleaje, na waliosimama karibu naye wakamtazama kwa wasiwasi. Sindeni ilikuwa siku ya gulio. Msongamano ulijigawa wenyewe kupisha, sauti zikashuka, mtu akaanza kuimba wimbo wa maombolezo na wengine wakampokea. Gari likasonga hatua kwa hatua katikati ya watu walioinamisha vichwa.

Nanyori alikuwa amelala usingizi mzito, na kelele hizo zikamwamsha. Alisikia kiu. Akasogeza pazia kwa kidole, akaona machungwa yamepangwa mezani, ya manjano, makubwa. Akamwita mumewe. Kasaine, ambaye alikuwa akipokea pole kwa dirisha la upande wa pili, hakusikia. Basi Nanyori akajiinua kwa viwiko, akafungua pazia lote, akagonga kioo.

Muhsin baadaye alisimulia kwamba hajawahi kuona gulio likiisha haraka hivyo. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Meza zilianguka, baiskeli zikaachwa zimelala, na mtu mmoja alipita juu ya banda la nyanya bila kugusa nyanya hata moja. Kulipotulia, palibaki vumbi, kandambili nyingi za miguu mbalimbali, na mbwa aliyekaa akishangaa. Kasaine alishuka akaangalia huku na huko, akasema kwa sauti kwamba ni mke wake, ana mgongo. Hakuna aliyekuwepo wa kumsikia.

Nanyori akamwomba amfungulie mlango wa nyuma apate hewa. Akabaki pale amelala ubavu, amejiegemeza kwenye mkono, shanga zake shingoni, akisubiri. Hakuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza tangu aumie hakuwa na maumivu yoyote.

Baada ya muda muuza machungwa alichungulia nyuma ya kibanda cha kinyozi, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alimtazama Nanyori. Nanyori akamtazama. Akasogea hatua chache, akasimama mahali ambapo bado angeweza kukimbia, akakohoa kusafisha koo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nikumenyee, au ni ya kwenda nayo?"

Nanyori akasema amenye mawili, mengine amfungie.